Filimbi nyekundu na maiti isiyo na jina: maswali yenu kuhusu filamu ya Prisoners

Barua za safari hii karibu zote zimeng'ang'ania picha moja, basi tumeipa safu nzima. Kwa ambaye hajaiona: Prisoners ni filamu ya Marekani ya mwaka 2013, ina dakika 153, imeongozwa na Denis Villeneuve wa Kanada kutokana na skripti ya Aaron Guzikowski. Watoto wawili wa kike, Anna na Joy, wanapotea mchana wa Sikukuu ya Shukrani katika mji mdogo wa Pennsylvania. Baba yake Anna ni Keller Dover (Hugh Jackman), fundi wa majumba. Mpelelezi ni Loki (Jake Gyllenhaal). Gari-nyumba kuukuu lililoonekana mtaani siku hiyo linaendeshwa na Alex Jones (Paul Dano), kijana mwenye akili ya mtoto wa miaka kumi. Polisi wanamhoji, hawapati ushahidi, wanamwachia arudi kwa shangazi yake Holly. Keller anamteka na kumfungia kwenye jengo bovu aliloachiwa na baba yake. Anayetaka kuitazama bila kujua mwisho aishie hapa.

Shikamooni. Saa ya kwanza nilikaa ukingoni mwa kiti. Kisha katikati pale moyo ukatulia, nikawa naangalia kama mtu anayejaza fumbo la maneno gazetini. Ni mimi nimechoka au filamu ndiyo iliyobadilika? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Filamu ndiyo iliyobadilika, na mahali ilipobadilika panaonekana.

Watu husema taharuki ya picha za upelelezi inatokana na swali la "nani kafanya?" Hapa sivyo. Katika nusu ya kwanza swali ni moja tu: Keller atafika wapi? Angalia jinsi linavyolishwa. Polisi wana saa 48 tu za kumshikilia Alex, na zinakwisha. Mtoto aliyefungwa mahali anahitaji maji, na hakuna haja ya mtu kutuambia hivyo. Kila kukicha mtazamaji anajumlisha mwenyewe. Halafu Alex anatolewa kituoni, Keller anamvamia kwenye maegesho, na Alex anamnong'oneza kwamba watoto hawakulia mpaka alipowaacha. Anayesikia ni Keller peke yake. Kuanzia hapo tunatembea na mtu mwenye jambo la kweli asiloweza kulithibitisha mbele ya yeyote, na hilo linabana kuliko risasi kumi.

Kisha linakuja bafu. Mwanzo Keller anapiga ngumi na kuvunja sinki kwa nyundo. Baadaye, kwa utulivu wa fundi anayejua kazi yake, anajenga sanduku la mbao kuzunguka sehemu ya kuogea, anaacha tundu dogo, na maji ya moto na ya baridi anayafungulia akiwa nje. Tangu hapo Alex haonekani isipokuwa jicho lililovimba kwenye tundu lile. Mwongozaji ameficha uso wa mteswaji wakati mtazamaji anautaka zaidi, nasi tunabaki na sauti. Ukuta wa mbao unatisha kuliko damu, maana nyuma yake kila mtazamaji anajichorea yake.

Juu ya hayo weka ujuzi uliogawanywa. Sisi tunajua Alex yuko wapi, Loki hajui. Loki anamfuatilia Keller mpaka kwenye jengo lenyewe, na Keller anajitetea kwamba huwa anakuja kunywa pombe mafichoni. Hakuna anayempiga mwenzake katika mandhari hiyo, lakini ndiyo inayokausha koo, kwa sababu kila mmoja ameshika nusu ya habari na sisi tunazo zote mbili. Picha za Roger Deakins, mpiga picha wa filamu, zinasaidia: mvua, theluji nyepesi, rangi ya kijivu inayokaa nyumbani kama mgeni asiyeaga, na kamera inayosogea polepole mno. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar kwa kipengele kimoja tu, upigaji picha, na ilistahili.

Sasa, moyo wako ulitulia pale alipoingia Bob Taylor, yule kijana anayechora mizingile, yaani njia zinazozungukana na kumpoteza mtu, kuta nzima. Tangu hapo swali linageuka: mzingile maana yake nini? Swali la Keller ulikuwa ukilijibu kwa mwili wako, hata kama huna mtoto. La mzingile huwezi kulijibu. Unasubiri mwandishi akugawie vipande. Ndipo unapoanza kuangalia saa.

Mimi hufundisha fasihi. Wanafunzi wangu wamebishana darasani: wengine wanasema hadithi hii imejaa sadfa, wengine wanasema maisha ndivyo yalivyo. Sadfa ngapi zinakubalika? (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, msihesabu idadi. Angalieni sadfa inamsukuma mhusika upande gani. Ikimwingiza matatani, msomaji haidai maelezo. Hadithi nyingi huanza hivyo. Ikimtoa matatani, ni mkopo, na mwandishi alitakiwa awe ameanza kuulipa mapema.

Gari-nyumba kuegeshwa mtaa ule siku ile: sadfa, lakini inafungua mkasa. Hakuna ubaya. Tatizo liko kwa padre.

Loki anazunguka kwa watu wenye rekodi za makosa dhidi ya watoto. Kwa Padre Dunn anamkuta mzee amelala chakari sakafuni, na chini ya nyumba kuna maiti ya mwanamume iliyokauka, imefungwa kwenye kiti. Padre anaeleza kuwa mtu huyo aliungama kuua watoto 16, akidai anapigana vita na Mungu. Shingoni ana kidani chenye alama ya mzingile. Mwisho wa filamu ndipo tunapojua kuwa alikuwa mume wa Holly.

Wengi hulaumu kwamba Loki ameangukia nyumba hiyo kwa bahati. Sisi tunaiachia: mji ni mdogo, muuaji aliungama kwa padre wa karibu, na padre yumo kwenye orodha kwa makosa yake mwenyewe. Kasoro halisi ni kinachofuata, au tuseme kisichofuata. Maiti ya mtu aliyekiri kuua watoto imepatikana katikati ya msako wa watoto wawili waliopotea, na filamu haionyeshi mtu akihangaika kujua jina lake. Hakuna meno yanayolinganishwa, hakuna orodha ya wanaume waliotoweka, hakuna anayeuliza kidani kilinunuliwa wapi. Sababu iko wazi: jina la marehemu lingempeleka Loki mlangoni kwa Holly, na filamu ingekwisha mapema. Mwandishi amemfunga mpelelezi mikono ili dakika 153 zitimie, halafu anatutaka tuamini kwamba mpelelezi huyohuyo hajawahi kushindwa kesi.

Kinachouma ni kwamba dawa yake ni rahisi. Sentensi mbili za daktari wa maiti zingetosha: meno yameng'olewa, vidole havina alama, majibu ya maabara yatachukua wiki tatu. Sekunde 15 za maongezi, na tundu limezibwa. Tena lingeongeza taharuki, kwa kuwa tungejua jibu liko njiani na watoto hawana wiki tatu.

Linganisheni sasa njia mbili zinazofika nyumba ya Holly usiku mmoja, kwani zinafaa sana kwa darasa. Keller anafika kwa sababu Joy, aliyetoroka na anayezungumza kwa shida kitandani hospitalini, anamwambia kuwa yeye alikuwepo. Keller anakumbuka: aliwahi kwenda kwa Holly kuzungumza naye, na mtoto aliisikia sauti yake akiwa amefichwa palepale. Ziara hiyo tuliiona kwa macho yetu na hatukuitilia shaka. Hilo ni dokezo lililopandwa, likamea, likavunwa. Loki naye anafika kwa Holly kumpa habari tu kwamba Alex amepatikana, anatupa jicho kwenye picha ya marehemu mume, anaona kidani. Kesi imefumbuka kwa sababu mtu alisimama karibu na fremu ya picha. Njia ya kwanza ni sanaa, ya pili ni bahati nasibu, na zote zimetoka kwenye kalamu moja.

Naandika skripti ya dakika 90 ya upelelezi, hapa hapa Dar. Nina mshukiwa wa uongo wa kumpoteza mtazamaji, kama yule Bob Taylor. Nimtumieje bila kuharibu? (Mwandishi chipukizi, Dar es Salaam)

Mshukiwa wa chambo ni kama pilipili. Taylor ni mfano mzuri kwako kwa sababu amefanya mema na mabaya kwa pamoja.

Mema kwanza. Anatokea kwenye mkesha wa mishumaa, Loki anamwona, anakimbia. Kimya kimya anaingia kwenye nyumba za wazazi. Anagunduliwa kwa kununua nguo za watoto dukani, na muuzaji anatoa taarifa: kazi ya polisi ya kawaida, inaaminika. Nguo zenye damu zinazopatikana kwake zinawafanya wazazi waitwe kutazama picha, na Keller anaitambua soksi ya mwanawe. Hapo Taylor amefanya kazi kubwa: ametuletea uwezekano kwamba Anna ameshakufa, hivyo mateso anayopewa Alex yanaweza kuwa ya bure. Chambo kizuri humbana mhusika mkuu namna hiyo.

Sasa mabaya. Masanduku yaliyofungwa kwa kufuli, ndani yake nyoka hai na nguo. Baadaye tunaambiwa damu ni ya nguruwe, nguo ameziiba majumbani, na yeye mwenyewe aliwahi kutekwa utotoni, sasa anaigiza yaliyomkuta. Jiulize swali hili kwa kila mshukiwa unayemwandika: usiku akiwa peke yake, bila kamera, angefanya hivi? Mtu aliyeumizwa kuchora mzingile ule ule maelfu ya mara, ndiyo. Kununua damu ya nguruwe, kuimwagia nguo, kuzipanga na nyoka kwenye masanduku na kuyafungia, hapo tunausikia mkono wa mwandishi. Nyoka wale wamewekwa ili sisi turuke kwenye viti.

Na kifo chake ni aibu. Chumba cha mahojiano, Loki anamvamia, purukushani, Taylor anachomoa bastola ya askari na kujiua. Polisi wa nchi nyingi huacha silaha nje kabla ya kuingia kumhoji mtuhumiwa, na mtazamaji aliyetazama picha tatu za aina hii analijua hilo. Mwandishi alimtaka Taylor anyamaze, akamnyamazisha kwa uzembe. Kama nawe unamhitaji mshukiwa wako afe, mfishe mahali ambapo ulinzi umelegea kwa sababu iliyoonekana mapema: mahabusu iliyojaa, zamu inayobadilishana, dawa aliyonyimwa.

Kwa skripti yako, fanya hivi. Andika kila mandhari kwenye kadi yake. Toa kadi zote za mshukiwa wa chambo, uzisome zilizobaki kwa mfululizo. Ikiwa hadithi inafika mwisho bila hata kikwazo kimoja, mtu wako ni mapambo. Ama mpe kazi au mtoe. Ikiwa haifiki kabisa, basi ufumbuzi wako umemning'inizia yeye, na siku mtazamaji atakapogundua kuwa hana hatia ataona amedanganywa. Unachotaka ni cha katikati: hadithi inafika bila yeye, lakini mhusika mkuu anafika akiwa mzima zaidi, kirahisi zaidi, kwa hasara ndogo. Kwa dakika 90 usimpe zaidi ya 15, uzigawe mara tatu: anaonekana, anashukiwa, anasafishwa. Akisafishwa aache kitu cha kweli mezani, jina, ufunguo, saa fulani, ili muda uliomwekea usipotee. Na sababu ya kusema uongo iwe yake binafsi, isihusiane na kesi. Anamficha mke wa pili, anauza mafuta ya wizi, hana kibali cha kuishi mjini. Watu wasio na hatia huogopa polisi kwa mambo yao.

Jamani, huyo Alex mbona hasemi tu? Neno moja, "wako kwa shangazi," yakaisha! (Msomaji, Mombasa)

Hili limetujia kwa njia saba tofauti, na nusu ya lawama ni haki.

Utetezi upo. Alex si jina lake: aliibwa utotoni miaka 26 nyuma na wanandoa wale wale, akalelewa na Holly kama mpwa. Mtoto aliyekulia humo hana lugha ya kumshtaki mlezi. Anaposema kuwa yeye si Alex, anaposema watoto wamo ndani ya mzingile, kwake huo ndio ukweli mtupu. Sisi ndio hatuna ufunguo. Kuhusu gari, tunakuja kuambiwa kuwa alitaka tu kuwatembeza watoto, Holly ndiye aliyeamua wasirudi. Kwa hiyo hata hatia anayoihisi ni ya kweli.

Lakini kauli ya maegeshoni imekatwa kwa mkasi wa mwandishi. Inatosha kumtia Keller wazimu, na haitoshi kumsaidia. Vivyo hivyo kumnyanyua mbwa kwa kamba huku akiimba wimbo wa watoto waliopotea, wakati Keller amejibanza gizani anamtazama. Mara moja tunakubali. Mara ya pili tunaanza kuona kwamba Alex huongea kila filamu inapohitaji kuni.

Viola Davis na Maria Bello ni waigizaji wazito, lakini naona wamewekwa ndani kama vyombo vya sherehe. Au mimi ndiye mkali? (Bibi msomaji, Zanzibar)

Hapana, bibi, si ukali. Mama yake Anna (Maria Bello) anapewa vidonge na kitanda, basi. Anapata nafasi ya kumlaumu mumewe kwa kuahidi kuilinda nyumba dhidi ya kila jambo (mtu mwenye ghala la akiba chini ya nyumba, chakula na vifaa vya kila balaa, isipokuwa hili), kisha analala karibu filamu nzima.

Nancy, mama yake Joy (Viola Davis), ana mandhari moja inayoshinda zote. Anagundua mumewe Franklin anamsaidia Keller. Tunatarajia apige kelele. Anaenda mwenyewe, anamwona Alex, anajaribu kuzungumza naye kwa upole, kisha anaamua: hatutamsaidia Keller, wala hatutamzuia. Hapo filamu imegusa kitu kibaya kuliko kupiga, yaani kufaidi kipigo bila kukunja ngumi. Kisha inawasahau! Joy akishapatikana, familia yao, ya Birch, haiulizwi lolote. Keller anasubiriwa na jela, lakini wawili waliojua na kunyamaza wanafutika kama chaki. Loki kuwatazama tu pale hospitalini, akiwa amejua, kungetosha.

Tuongeze Holly (Melissa Leo), maana yeye ndiye aliyelipa deni la msuko wote. Anamshikia Keller bastola, anamnywesha dawa, na njiani kuelekea shimoni anaeleza kila kitu: mtoto wao aliyekufa kwa saratani, vita na Mungu, kuwafanya wazazi wapoteze imani wageuke mashetani. Wazo lenyewe lina uzito, kwa kuwa Keller tuliyeanza naye akisali Baba Yetu huku mwanawe wa kiume akimlenga paa ndiye sasa mtesaji. Holly ameshinda hata kama atakufa usiku ule. Ila limewekwa kwenye hotuba ya adui, ya mtindo ule wa zamani ambapo muuaji anatoa risala kabla ya kufunga kazi. Bafu lilikuwa limeshasema hayo bila maneno.

Niliitazama kibandani, imetafsiriwa. Mwishoni mtafsiri anaongea wee, ghafla giza, watu wakaanza kudai hela yao. Steringi alikufa au hakufa? (Msomaji, Mwanza)

Mtafsiri amewameza filimbi, ndugu yetu. Mwisho wa picha hii uko kwenye sauti peke yake, na sauti yenyewe ni ndogo.

Filimbi nyekundu ni ya Anna. Mwanzoni kabisa watoto wanaondoka kwenda kuitafuta nyumbani, na ndiyo safari wanayopotelea. Keller, amepigwa risasi mguuni na kutupwa kwenye shimo lililofunikwa na gari bovu uani kwa Holly, anaiokota gizani humo. Kwa hiyo anajua mwanawe alipita pale. Juu, Loki amemuua Holly na kumkimbiza Anna hospitali, damu yake mwenyewe ikimtiririka machoni. Keller hajulikani alipo, anahesabiwa mkimbizi.

Mandhari ya mwisho ni usiku, polisi wanachimba eneo la Holly. Ardhi imeganda kwa baridi, wanaahirisha mpaka kesho. Loki anabaki. Inasikika filimbi, mbali, kama upepo. Anainua kichwa, anajishuku. Inasikika tena. Anageuza uso, na picha inakatika.

Kwa hiyo alikuwa hai wakati huo, na Loki amesikia. Kama ataondoka pale kwa miguu yake, filamu haisemi. Inachosema, kupitia mazungumzo ya mkewe na Loki hospitalini muda mfupi kabla, ni kwamba akipatikana anakwenda jela kwa aliyomfanyia Alex. Loki akilisogeza lile gari anamwokoa na kumkamata kwa mkono mmoja, ndiyo maana kukata picha pale si ujanja wa kumkwepa mtazamaji.

Tafuteni nakala yenye sauti yake ya asili. Wachimbaji wakianza kufungasha vifaa, vaeni visikizio na mzime feni.